Difu ya Kwenda Tanga

Ukifika Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo, ukaulizia fundi wa difu, utaonyeshwa watu kumi na wawili na wote watakuita bosi. Ukiulizia fundi anayezijua difu, utaonyeshwa mmoja tu, na huyo hatakuita chochote mpaka amalize kahawa yake. Huyo ndiye Rajabu Mwinyikombo, mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu, miaka sitini na saba, mfupi, mpana wa mabega, baraghashia haimtoki kichwani, na kucha zake zenye grisi mkewe Badria amekwisha kuzikatia tamaa.

Difu, kwa asiyeijua, ni lile donge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia mbili. Ndogo inaitwa pinioni, nayo huzungushwa na injini. Kubwa inaitwa krauni, nayo huzungusha magurudumu. Mambo yote yako kwenye hesabu ya meno. Pinioni ikiwa na meno machache mbele ya krauni yenye meno mengi, injini itazunguka mara nyingi ndipo gurudumu lizunguke mara moja: gari litavuta kama punda, lakini likishika mwendo injini itapiga makelele. Tofauti ya meno ikipungua, gari litaondoka kwa uzito kidogo, halafu likikolea litateleza barabarani kwa utulivu. Ya kwanza mafundi huiita difu ya nguvu, ya pili difu ya mbio. Asiyejua atachagua ile yenye jina tamu zaidi.

Rajabu huzitundika gia zake ukutani mbilimbili, zimefungwa kwa waya, maana krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani tangu mwanzo, na ukiiozesha moja kwa gia ya jirani zitalia mpaka zife. "Hawa wana ndoa yao," huwaambia wateja wabishi. "Mimi si kadhi, sivunji ndoa ya mtu." Na kabla hajashusha chochote ukutani atakuuliza gari hilo litakwenda wapi. Hakuulizi aina wala mwaka. Anataka njia yenyewe, mzigo wake, na nani atapanda. Kuna vijana wa mjini hukasirika wakaona wanapelelezwa, wakaenda banda la pili. Wengi hurudi baada ya wiki mbili, wapole.

Halafu kuna habari ya kulala. Difu ikishafungwa, Rajabu humwambia mwenye gari aendeshe, yeye akajilaza kifudifudi kiti cha nyuma, sikio limebanwa kitini, macho kafumba. Waliomwona mara ya kwanza walidhani ni mgonjwa anakimbizwa Muhimbili. Wakirudi, mafundi wa jirani huacha spana zao wakasogea, kwa sababu neno la Rajabu kuhusu difu lilikuwa ndilo neno la mwisho Gerezani, na wengine walikuwa wamekwisha kuliwekea dau la soda.

Sasa lisemwe lile ambalo mwenyewe asingependa lisemwe. Tangu mwaka jana masikio yake yalikuwa yanamtoroka. Hayakuziba kwa siku moja. Sauti zilianza kusogea mbali, zikawa zinatoka chumba cha pili, kisha nyumba ya jirani. Badria ndiye aliyegundua kwanza, kwa sababu ya redio. Akamwambia akapimwe. Rajabu akasema ubovu uko kwenye redio. Badria, ambaye naye si haba, akanunua redio mpya. Rajabu akaisikiliza siku tatu, akatoa hukumu kwamba siku hizi vitu vyote ni feki.

Utamcheka, lakini mtu huyu alikuwa na hofu ya kweli. Difu mbovu hulia, na kilichojenga jina lake ni kuusikia mlio huo kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku Gerezani wakijua kwamba hasikii, watu wangekuja bandani kumsalimia tu, kazi wangewapa wengine. Alishaona mafundi wazee wanaosalimiwa tu. Kwa hiyo akawa anajilaza kiti cha nyuma kama kawaida, anafumba jicho moja, na la pili linaiba uso wa dereva kwenye kioo. Dereva akiwa ametulia, Rajabu naye alisema kazi imekaa vizuri. Kwa gari la kawaida ujanja huo ulimvusha.

Mwezi wa saba Lalit akaja na gari lake aina ya Falcon. Lalit ana duka la vyombo vya jikoni Mtaa wa Mkunguni, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye kicheko chepesi na tabia ya kuongea huku anapanga panga kila kilicho mbele yake. Falcon yenyewe ni ya mwaka sabini na moja, injini ya V8, kijani kama embe bichi, boneti ndefu kiasi kwamba ikikata kona ya Msimbazi pua inafika kwanza na dereva anafuata. Baba yake, marehemu Mzee Pranav, aliinunua kwa mhandisi mmoja wa Australia aliyekuwa anarudi kwao. Na Rajabu aliijua vizuri. Alipokuwa na miaka ishirini na moja, wakati hakuna aliyemwamini hata kwa baiskeli, Mzee Pranav alimwachia gari hilo alifungue difu.

"Kaka Rajabu, habari za siku nyingi?"

"Njema, Lalit. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Kakangu, imekata meno. Nimetoka kwenye taa tu, nikasikia *kraa*, basi."

"Nilikwambia usiwaonyeshe watu mbio kwenye taa." Rajabu alikuwa hajamwambia hivyo, lakini alimjua. "Haya. Litakwenda wapi?"

Lalit aliacha kuzipanga spana za watu. "Tanga. Nampeleka mama kwa Mama Mdogo Neha. Kalala kitandani tangu Pasaka, na daktari hatuambii mambo ya kufurahisha. Hawajaonana miaka sita, kaka. Mama basi hataki, gari la binamu hataki. Anataka hili, kwa sababu ndilo baba alilokuwa anampeleka nalo kila Diwali."

Rajabu alitazama ukutani. Kwa gari kama lile alikuwa na ndoa mbili tu. Ya kwanza ilitoka kwenye pikapu ya shamba la mkonge: meno tisa kwa thelathini na saba, injini inazunguka mara nne na ushee ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Difu ya nguvu. Ya pili ilitoka kwenye gari dogo la saluni la zamani: kumi na matatu kwa thelathini na tisa, mara tatu kamili. Difu ya mbio. Mwanamke wa miaka themanini na minne, kilomita zaidi ya mia tatu za lami, na V8 yenye nguvu ya kutosha kuvuta nyumba: hapakuwa na cha kufikiri. Akashusha ya mara tatu, akaifunga kwa siku mbili.

Jumapili saa moja asubuhi wakaijaribu Barabara ya Kilwa, njia bado nyeupe. Rajabu akajilaza nyuma kama desturi. Lalit akashika gia ya nne. Rajabu akabana sikio kitini, akangoja.

Hakusikia kitu. Mlio mbaya haukuwepo, na mzuri haukuwepo pia. Mbele, Lalit alikuwa amevaa miwani ya jua iliyoficha nusu ya uso, na kioo hakikumwambia chochote. Rajabu akakandamiza sikio mpaka likauma. Gari lilikuwa limetulia kabisa, na kwa fundi asiyesikia, utulivu na kuharibika ni kitu kimoja. Angeweza kuwa amelaza difu nzuri kuliko zote za maisha yake. Angeweza pia kuwa amemfungia mama wa watu difu itakayokufa njiani Segera, juani.

"Vipi, kaka?" Lalit aliuliza walipopaki.

"Irudi," Rajabu akasema. "Ipo kimya mno. Tena njiani kuna vilima vya Wami, gari hili litachoka. Nakufungia ile ya nguvu."

Lalit alishangaa kidogo, maana tangu lini V8 ikachoka? Lakini nani atabishana na Rajabu juu ya difu. Akasema sawa. Na Rajabu, Mungu amsamehe, akaing'oa difu nzuri akaiweka ya pikapu ya mkonge. Siku zote alizofanya kazi hiyo hakuwahi kumchagulia mtu gia bila kuifuata njia yake. Safari hii alichagua ile ambayo yeye mwenyewe angeweza kuisikia, na kosa lenyewe alilificha hata kwa nafsi yake. Usiku alimwambia Badria kwamba vilima vya Wami si mchezo.

Jumapili iliyofuata Lalit alikuja na mama yake. Mama Anjana alishuka kwa taratibu zake, sari ya buluu, kandambili, macho makali. Rajabu akavua baraghashia.

"Shikamoo, Mama Lalit."

"Marahaba, Rajabu. Umezeeka."

"Tumezeeka, mama."

"Mimi sikusema habari zangu," akasema, akapanda mbele.

Wakatoka. Walipofika Mtoni Lalit akakanyaga mafuta, na injini ikanguruma gari zima likatetemeka. Rajabu kule nyuma alitabasamu kama mtoto. Alisikia! Alisikia krauni inavyokula pinioni, alisikia mlio unapanda na kushuka na mguu wa Lalit. Ilikuwa miezi mingi tangu difu izungumze naye hivyo, na furaha ikamjaa kifuani karibu alie. Akafumbua macho ili amwambie Lalit kwamba kazi imekaa.

Akamwona Mama Anjana. Alikuwa anainama kuelekea kwa mwanawe, mdomo wazi, mkono nyuma ya sikio. Lalit alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mama akatikisa kichwa. Lalit akarudia. Mama akatikisa tena, kisha akapeleka vidole sikioni, akachomoa kidude kidogo cha kusikilizia chenye rangi ya ngozi, akakifunga kwenye ncha ya sari, akageukia dirishani. Lalit naye akanyamaza. Wakaenda hivyo mpaka Mbagala, watu wawili wamekaa bega kwa bega kila mmoja peke yake.

Mbagala Lalit alishuka kununua maji. Mama Anjana akarudisha kidude chake sikioni, akamgeukia Rajabu.

"Mume wangu hakuwa msemaji," alisema polepole. "Unamkumbuka. Dukani ndiyo na hapana, nyumbani ndiyo na hapana. Lakini akiingia kwenye gari hili, kutoka Dar mpaka Tanga hanyamazi. Alinisimulia mambo ya utoto wake ambayo hata mama yake hakuyajua. Nilitaka Lalit anisimulie na yeye. Naona haitawezekana, na si kosa lako, njia ina vilima."

Rajabu alitazama chini.

"Nitazame, Rajabu. Ukitazama chini hunisikii. Tangu nimefika unanitazama mdomo."

Hapo roho ya Rajabu ikasutwa. Uongo wa mwaka mzima, wa redio, wa kioo, wa vilima vya Wami, ukasambaratika mbele ya bibi mmoja mwenye kandambili. Lalit aliporudi na chupa za maji alimkuta fundi wake amesimama nje ya gari, kofia mkononi.

"Lalit, ile ya kwanza haikuwa na ubaya wowote," Rajabu akasema. "Mimi ndiye sikuisikia. Masikio yangu yamekwisha. Hii nimeifunga kwa sababu inapiga kelele mpaka mimi nasikia. Wami nimekudanganya."

Lalit hakucheka. "Kaka Rajabu, mama yangu? Kilomita mia tatu na makelele haya? Ungeniambia tu. Mimi na wewe tungeshindwa nini?"

"Nimeona haya."

"Haya ya nini! Baba alikupa gari hili hujui hata kushika spana." Akafungua chupa, akaifunga, akaifungua tena. Hasira zake huwa hazidumu, lakini zilikuwepo, na Rajabu alizimeza zote kwa sababu zilikuwa haki yake. Mwishowe Lalit akampa ile chupa. "Kunywa. Turudi uifunge vizuri."

Kuifunga vizuri, sasa, bila masikio. Rajabu hakulala vizuri siku hiyo. Asubuhi akamwomba Badria bizari ya manjano.

"Unapika?"

"Napaka difu."

Mzee Abbasi, aliyemfundisha kazi, alikuwa na njia hiyo: unachanganya grisi na manjano, unapaka meno ya krauni, unaizungusha kwa mkono, kisha unatazama ni wapi pinioni imefuta rangi. Alama ikikaa katikati ya jino, difu imelala sawa. Ikikimbilia ukingoni, fungua upya. Ujanani Rajabu aliicheka sana njia hiyo, akisema ni ya viziwi. Sasa akachuchumaa mbele ya krauni yenye meno thelathini na tisa, miwani ya kusomea puani, tochi mkononi, anapaka na kufuta. Gia hizo zina hesabu ya pekee. Kwa kuwa ni tatu kamili, kila jino la pinioni hukutana na meno yaleyale matatu maisha yake yote, kwa hiyo ukikosea kuoanisha alama zao za kiwandani zitagombana milele. Alizioanisha mara tano. Mara ya nne alama ilikuwa nusu ya upana wa unywele pembeni, akaona bado.

Hillary, fundi wa giaboksi wa banda la pili, alipita akanusa. "Mzee, leo ni pilau?"

"Ni biriani. Pita zako."

Badria alimletea chakula saa saba akamkuta amelala chali chini ya gari, uso una manjano hadi kwenye nyusi. Alikaa juu ya tairi akamngoja mpaka amalize, jambo ambalo hajalifanya tangu walipokuwa wachumba, na njiani kurudi nyumbani Rajabu akamwambia kwamba Jumatano atakwenda kupimwa. Badria akasema vizuri. Hakutaja redio, na kwa hilo anastahili pongezi.

Jumapili ya tatu wakatoka tena, watu walewale. Rajabu hakujilaza. Alikaa wima kiti cha nyuma, mikono magotini, kama abiria aliyelipa nauli. Aliona mti unapita, ukuta unapita, hakusikia difu hata chembe. Lakini mbele midomo ilikuwa inakwenda. Lalit aliongea, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unapanga panga hewa. Mama Anjana aliongea. Kisha Lalit akaongea muda mrefu bila kukatizwa, na Rajabu akamwona mama wa watu anatupa kichwa nyuma anacheka, mabega yanatingishika, mkono kaweka juu ya goti la mwanawe. Kidude kilikuwa mahali pake sikioni.

Waliporudi Gerezani mafundi walikuwa wamekwisha kujikusanya, maana habari ya difu kufungwa mara tatu ilishaenea, na mara tatu kwa Rajabu haikuwahi kutokea. Watu kumi na wawili na zaidi, mikono ina grisi, wanangoja neno. Lalit akazima gari. Alimtazama Rajabu kwenye kioo, na kwa macho alimwambia waziwazi kwamba yeye yuko tayari kunyamaza, aseme tu chochote, watu waende zao.

Rajabu akashuka. Aliona nyuso zote, alizijua zote, nyingine alizifundisha kushika nyundo.

"Mimi difu sisikii tena," akasema. "Masikio yamekufa. Hii nimeifunga kwa macho. Kama imekaa au haikukaa, mwulizeni mama, yeye ndiye aliyesikiliza."

Hakuna aliyecheka. Walimgeukia Mama Anjana, ambaye alikuwa anatoa mguu mmoja nje ya gari kwa taratibu zake.

"Lalit kanisimulia habari za duka kutoka Mbagala mpaka hapa," akasema. "Nimechoka naye. Kesho Tanga."

Mafundi wakaanza kusogeasogea, mmoja anajikuna, mwingine anajifanya kutazama tairi. Rajabu alibaki amesimama peke yake katikati ya uwanja, akingoja waanze kutawanyika, na kwa muda huo mfupi aliamini kwamba yamekwisha. Ndipo Hillary akatoka nyuma ya watu. Alizunguka boneti yote ndefu ya Falcon mpaka akaja kusimama mbele ya Rajabu, uso kwa uso, juani, mahali ambapo mdomo wake unaonekana vizuri.

"Mzee," akasema, kila neno na nafasi yake, "nina difu ya Fuso imenishinda. Kesho uje na manjano yako uniangalizie meno."

"Iweke tayari saa mbili!" Rajabu akajibu, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Uwanja mzima ukaangua kicheko, Lalit akiwemo, na Rajabu, ambaye hakukisikia vizuri lakini alikiona kwenye kila uso, akacheka nao.